Pole si Samahani

Kiswahili kina maneno mawili ambayo Kiingereza cha maofisini kimeyatia katika chungu kimoja. Mtu akifiwa, akiugua, akijikwaa njiani au akirudi nyumbani amechoka, tunamwambia "pole". Si sisi tuliomkwaza wala kumchosha. Tunamsaidia tu kuubeba uzito uliomfika. Lakini tukimkanyaga mguu, tukimpa hesabu zisizo sahihi au tukimweka akisubiri saa nzima, neno letu ni "samahani", au kwa heshima zaidi, "niwie radhi". Pole haina mkosaji. Samahani ina mkosaji, naye ni yule yule anayesema.

Sisi tunaofanya kazi hapa Dubai, ambako katika meza moja ya mkutano hukaa Mhindi, Mfilipino, Mmisri, Mpakistani, Mwingereza na Mswahili, hushinda tukisema "sorry" kutwa nzima, na neno hilo moja hubebeshwa mizigo yote miwili. Mwenzetu wa Tanga au Mombasa akimwona jirani yake kamwagikiwa na chai, hutamka "sorry" kwa maana ya pole, na Mwingereza humkodolea macho: kwani ni wewe uliyeimwaga? Hilo ni jambo la kuchekesha tu. Lenye madhara ni kinyume chake. Mtu kakosa kweli, kawaingiza wenzake katika hasara, kisha anasema "sorry" kwa sauti ya pole, kana kwamba hasara ile imeshuka na mvua. Aliyekosewa amesikia neno la radhi, lakini radhi yenyewe hajaipata.

Ndugu msomaji, tunalotaka kulisema katika makala haya ni moja. Kuomba radhi kazini ni kumrudishia mwenzako kitu kilicho chake, nacho ni habari ya kweli ya kilichotokea, katika wakati ambao habari hiyo bado inamfaa. Unyenyekevu, sauti ya upole, barua nzuri iliyopigwa chapa, hayo yote ni mema, lakini ni mapambo. Pasipo habari hiyo, tulichotoa ni pole.

Tuanze na lugha yetu wenyewe, maana inatusaidia kukiri na inatusaidia kujificha pia. Tunasema "kikombe kimevunjika", "faili limepotea", "mashine imeharibika". Vitenzi hivyo vimekamilika, na mtendaji hayumo. Mara nyingi ni adabu: mwenye nyumba humwambia mgeni aliyeangusha sahani kwamba sahani imevunjika, ili asimtie aibu mbele za watu. Hiyo ni heshima anayopewa mkosaji na mwingine. Lakini mkosaji mwenyewe akiyavaa maneno hayo, heshima imegeuka kuwa kificho. "Hesabu zilikosewa." Na nani? "Ujumbe haukufika." Aliyepaswa kuupeleka ni nani? Na akibanwa sana, tunalo lile la mwisho: "Shetani alinipitia." Basi hapo hata ofisi ya utumishi haina la kuuliza, kwa kuwa shetani hana mkataba wa ajira.

Kwa nini tuseme habari ya kosa ina mwenyewe? Tuchukue mfano wa kazi ya ujenzi, ambayo katika mji huu haijifichi kwa mtu yeyote. Zege huletwa kwenye eneo la ujenzi na magari yenye mapipa yanayozunguka. Katika joto la Julai, gari likikwama barabarani, zege huanza kukaza kabla ya kumiminwa. Pampu inakataa kuisukuma. Hapo panakuwapo kishawishi kikongwe: kuifungulia maji kidogo. Zege inalainika, inapita, kazi inaendelea, na kila mtu anashukuru. Lakini maji yaliyozidi hupunguza nguvu ya zege, na jambo hilo halionekani kwa macho.

Kuna kipimo, bila shaka. Sampuli hutiwa katika maumbo ya mchemraba, kwa kawaida sentimita 15 kila upande, kisha vipande hivyo huvunjwa kwenye mashine baada ya siku 7 na baada ya siku 28 ili kujua nguvu zake. Sasa tufikiri. Kama maji yaliongezwa kabla ya sampuli kuchukuliwa, siku ya 28 itasema kweli, lakini kufikia hapo ghorofa kadhaa zimekwisha kujengwa juu ya ile yenye udhaifu. Na kama maji yaliongezwa baada ya sampuli kuchukuliwa, vipande vitafaulu vizuri kabisa. Udhaifu wa jengo utakuwa haumo katika karatasi yoyote duniani. Utakuwa umo kichwani mwa mtu mmoja au wawili waliosimama karibu na lile gari.

Mtu huyo akisema jioni ile ile, kazi iliyopo ni kuvunja na kumwaga upya sehemu moja. Inauma, lakini inawezekana. Akisema baada ya mwezi, gharama imekua mara nyingi. Asiposema kabisa, wanaolipa ni watu asiowajua: familia itakayohamia humo, watoto watakaocheza humo. Sheria zenyewe zinajua kwamba makosa ya aina hii hukaa kimya kwa muda mrefu. Ndiyo maana Sheria ya Miamala ya Kiraia ya Imarati ya mwaka 1985, katika kifungu cha 880, iliwabebesha mkandarasi na msanifu dhamana ya pamoja kwa miaka 10 iwapo jengo lingeanguka lote au sehemu yake. Wahenga walikuwa na sheria fupi zaidi: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Basi anayejua ufa ulipo na akanyamaza, haoni aibu tu. Anashikilia mali ya watu.

Pole na samahani zinaweza kutenganishwa hata katika jambo kubwa, na mji huu ulituonyesha hivyo mwaka 2024. Tarehe 16 Aprili mwaka huo iliinyeshea nchi hii mvua kubwa kuliko zote zilizorekodiwa kwa miaka 75. Katika eneo la Khatm Al Shakla, Al Ain, zilipimwa milimita 254 katika muda usiofika saa 24. Barabara ziligeuka mito, na uwanja wa ndege wa Dubai ukajaa wasafiri waliolala sakafuni. Siku nne baadaye, tarehe 20 Aprili, Tim Clark, rais wa shirika la ndege la Emirates, alitoa barua ya wazi kwa wateja. Mvua hakuidai kuwa kosa lake, na hakuna mwenye akili ambaye angemtaka afanye hivyo. Lakini hakujificha nyuma ya mvua. Alikiri kwamba namna shirika lilivyoikabili hali ile ilikuwa mbali na ukamilifu, akataja msongamano, upungufu wa taarifa na mkanganyiko uliokuwamo katika majengo ya abiria. Akatoa hesabu: safari karibu 400 zilizofutwa, mizigo kiasi cha 30,000 iliyoachwa nyuma ikingoja kuwafikia wenyewe. Akaeleza kinachofanywa kuipeleka.

Inawezekana kusema kwamba siku nne ni nyingi kwa mama aliyekuwa na mtoto mchanga pale uwanjani, na sisi tunakubali. Lakini mpangilio wa barua ile unafaa kuigwa. Kwa mvua: pole. Kwa watu kukosa taarifa: samahani. Mtu aliyetenganisha hivyo amejilazimisha kujiuliza, katika yote yaliyotokea, lipi lilikuwa mikononi mwangu? Wengi wetu tukikosea hufanya kinyume. Tunaikamata ile sehemu isiyo yetu, mteja aliyechelewesha jibu, foleni ya Barabara ya Sheikh Zayed, mtandao uliokatika, na kuisimulia kwa kirefu mpaka sehemu yetu imezama humo.

Je, mkubwa afanye nini kwa kosa ambalo mkono wake haukuligusa? Hapa historia ya nyumbani ina jibu zito. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola vya Tanzania viliendesha msako dhidi ya watu walioshukiwa katika mauaji yaliyohusishwa na uchawi. Baadhi ya washukiwa waliteswa na kufia mikononi mwa waliowakamata. Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakuwa yeye aliyewapiga watu wale. Lakini Januari 1977 alijiuzulu, kwa sababu waliotenda walikuwa chini ya wizara yake. Baadaye alikwenda kuwa balozi nchini Misri, mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Alifariki dunia mwaka 2024, na katika maombolezo yale tukio la 1977 lilikumbukwa sana, miaka 47 baada ya kutokea.

Tusiisimulie habari hii kama hadithi ya kwamba anayekiri hulipwa cheo. Mzee Mwinyi hakuwa na njia ya kujua mwaka 1977 yatakayotokea 1985, na wale waliokufa hawakurudi. Uzito wake uko kwingine. Waziri angeweza kuwaambia wafiwa pole na kuendelea na kazi; pole ingekuwa ya kweli pia. Yeye aliona kwamba kwa mwenye ofisi pole haitoshi.

Hata hivyo, mfano ule umetuachia kasoro moja katika lugha. Kwa Watanzania wengi neno "kuwajibika" limekuwa karibu sawa na "kujiuzulu". Tunasikia magazeti yakiandika kwamba fulani anatakiwa awajibike, na sote tunaelewa: aondoke. Kumbe kuwajibika, kwa asili yake, ni kuwa na wajibu. Kuna makosa yanayostahili mtu aondoke, hatukatai. Lakini tukiufanya mlango wa kukiri uwe ndio ule ule mlango wa kutokea nje, nani ataukaribia? Katika kazi za kila siku tunahitaji zaidi watu wanaojibu wakabaki, wakarekebisha walichokiharibu.

Swali linalofuata ni: radhi inaombwa kwa nani? Mwaka 1978 huko New York, mhandisi wa miundo William LeMessurier aligundua kwamba jengo alilolipigia hesabu, la Citicorp, lenye ghorofa 59 na lililofunguliwa mwaka uliotangulia, halikuwa na nguvu za kutosha dhidi ya upepo mkali unaopiga pembeni mwa kona. Viungo vya chuma vilivyotarajiwa kuchomelewa vilikuwa vimefungwa kwa bolti. Hakuna aliyekuwa amemshitaki. Angeweza kunyamaza. Badala yake aliwaendea wahusika mwenyewe: msanifu, kampuni ya bima, benki yenye jengo, na maofisa wa jiji. Mafundi wakafanya kazi usiku, wiki baada ya wiki, wakichomelea mabamba ya chuma kwenye viungo vile. Jengo lipo mpaka leo.

Wahandisi wamefundishwa kisa hicho kama mfano wa ujasiri, na kwa nusu yake wana haki. Nusu ya pili husemwa kwa sauti ndogo: wafanyakazi waliokuwa wakiingia humo kila asubuhi, na majirani waliolala chini ya kivuli chake, hawakuambiwa hatari yenyewe. Umma uliijua habari kamili mwaka 1995, gazeti la The New Yorker lilipoiandika. Kukiri kuliwafikia wenye mali, hakukuwafikia wenye roho. Na hapa ndipo tulipo wengi wetu. Kosa likitokea, tunakimbilia kumwomba radhi anayeweza kutuadhibu, yaani bosi, na kumsahau anayeumia, yaani mteja, au fundi wa zamu ya usiku atakayeishika mashine tuliyoiacha na hitilafu.

Dini zetu zimelitazama jambo hili kwa makini kuliko vitabu vya uongozi. Wanazuoni wa Kiislamu hufundisha kwamba toba ya kweli ni kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Na kosa likiwa limegusa haki ya mja, kuna sharti la nne: haki irudishwe kwa mwenyewe, au mwenyewe aridhie. Machozi ya usiku peke yake hayaondoi deni la jirani. Nao wasomaji wetu Wakristo wanamkumbuka Zakayo mtoza ushuru katika Injili ya Luka, ambaye hakuishia kujuta; aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Kote kuwili swali ni lile lile: mwenye haki ni nani, na amerudishiwa nini?

Hapa tuseme neno juu ya desturi yetu nzuri. Kila Ramadhani ikikaribia, simu zetu hujaa ujumbe: tusameheane, kwa niliyokukosea kwa kujua na kwa kutojua. Ni desturi ya kuilinda. Huyalainisha maisha, hasa ugenini ambako hatuna wazee wa kutupatanisha. Lakini ujumbe huo, uliotumwa kwa watu 200 kwa mpigo, unafaa kwa yale ya kutojua. Yale tunayoyajua yanataka kutajwa kwa jina lake. Mwenye kumlipa mwenzake pungufu, kisha akamtumia ujumbe wa jumla wa Ramadhani, bado anadaiwa tofauti.

Mpaka hapa tumesema kana kwamba kukiri kuna bei moja kwa watu wote. Hakuna. Rais wa shirika la ndege akiomba radhi, halali akiwaza kama mwezi ujao atakuwa bado na kibali cha kuishi nchini. Kibarua, mlinzi, mhudumu wa hoteli na karani anayewaza karo ya wadogo zake kule Kisumu au Pemba, ukaazi wao hapa umefungwa na ajira yao. Kwa miaka mingi aliyepoteza kazi alipewa siku 30 tu za kutafuta nyingine au kuondoka. Muda huo umeongezwa tangu mwaka 2022, lakini hofu haikuondoka kwa kasi hiyo. Na sheria ya kazi iliyotolewa mwaka 2021, kifungu cha 44, inamruhusu mwajiri kumfukuza bila notisi, baada ya uchunguzi wa maandishi, mfanyakazi ambaye kosa lake limemletea hasara kubwa ya mali, ilimradi mwajiri aiarifu wizara ndani ya siku 7 za kazi. Sasa mrudie yule aliyesimama karibu na gari la zege. Je, tunaweza kumwambia kwa moyo mweupe: sema tu?

Jibu letu lina sehemu mbili, na hatutaki moja iifute nyingine. Kwanza, woga wake unaeleza kimya chake, lakini hauondoi haki ya watakaolala ndani ya jengo lile. Mwenye kuhatarishwa ana haki ya kujua, hata kama mwenye kujua ni maskini. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na katika ujenzi, kifo hakimwendei mfichaji peke yake. Pili, na hili ndilo tunalolisisitiza kwa wenzetu waliofika kwenye viti vya usimamizi: kumpunguzia mdogo bei ya ukweli ni wajibu wa mkubwa. Msimamizi anayemfokea mbele ya gengi zima mtu aliyekuja kukiri, ameinunua kimya ya wote waliosimama pale. Atakapoletewa habari ya kosa jingine, litakuwa limekwisha kuwa ajali.

Wenye ndege walilijua hili mapema. Marekani ilianzisha mwaka 1976 utaratibu unaosimamiwa na NASA, ambapo rubani, fundi au mwongoza ndege huandika mwenyewe kosa lililotokea. Akituma taarifa ndani ya siku 10, na kosa likiwa halikukusudiwa wala si la jinai wala halikuleta ajali, kwa kawaida hukingwa na adhabu ya mamlaka ya anga. Taarifa zilizopokelewa zimepita milioni moja. Hawakufanya hivyo kwa huruma tu. Walikuwa wamepiga hesabu wakaona kwamba habari ya kosa ina thamani kuliko adhabu ya mkosaji.

Na mkubwa asingoje wadogo waanze. Katika malezi yetu mtu mzima haombi radhi kwa kijana. Akikosa, humtuma mtu, au humwita kula, au humtania kidogo, na kijana huelewa. Nyumbani hilo huweza kutosha. Kazini halitoshi, kwa sababu kijana hupata chakula lakini hapati habari. Hajui ni agizo lipi lililokuwa na kosa wala afuate lipi sasa. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, wala hapotezi uungwana wake kwa kuchutama. Mkubwa anayesema mbele ya wote, "Agizo la jana lilikuwa langu, na lilikuwa na kosa, lirekebisheni hivi," amewafundisha watu 20 namna ya kusema bila kuitisha semina.

Basi tukikosa, tuipange kauli yetu kwa Kiswahili kwanza, hata kama tutaitamka kwa Kiingereza. Mtendaji awe "mimi", si "ilitokea". Kitendo kitajwe: nilisaini bila kukagua, nilituma mchoro wa zamani, nilisahau kumwarifu mlinzi wa zamu. Madhara yatajwe kwa kadiri tunavyoyajua, bila kuyapunguza na bila kuyatia chumvi. Lililokwisha kufanywa kurekebisha litajwe, na linalohitaji msaada wa wengine lisemwe sasa hivi. Hapo ndipo tuseme samahani. Maelezo ya kwa nini, tungoje tuulizwe, maana maelezo yakitangulia huitwa visingizio hata yakiwa kweli.

Nasi tunaoombwa radhi tuna kazi yetu pia. Mtu akituletea kosa lake mkononi, swali la kwanza lisiwe "ulikuwa unafikiri nini?" bali "bado tuna muda gani?" Tumshukuru kwa kusema kabla ya kumhukumu kwa kutenda. Adhabu ikistahili, itakuja kwa utaratibu wake na kwa kiasi chake. Lakini zege ingali mbichi, na kuna watu wa kupelekwa wakaivunje.